Mnara umesimama, simu haitoki: kamati ya kijiji inunue nini?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa kamati ya maafa ya kijiji chetu, kando ya bahari wilayani Kilwa, mkoani Lindi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja, simu zetu zilionyesha mtandao umejaa lakini ukipiga haitoki. Usiku mtandao ukazima kabisa, ukarudi siku ya tatu. Wiki iliyofuata intaneti nayo ikakata nchi nzima, watu wakasema ni kimbunga hichohicho. Sasa tumechanga shilingi 2,500,000. Wapo wanaotaka simu ya setilaiti, wapo wanaotaka simu za upepo, na kuna fundi anatuuzia mashine ya kuvuta mtandao. Tununue kipi, na kikae kwa mwenyekiti au zahanati? Na kwa nini Serikali isijenge mtandao wa waokoaji peke yao?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hamjatoa hata shilingi, isome tena barua yako. Umeniandikia maradhi matatu ukidhani ni moja. Simu kukataa kutoka huku mtandao umejaa ni ugonjwa wake. Mtandao kuzima usiku ni mwingine. Intaneti kukata wiki iliyofuata ni wa tatu, na huo haukuhusiana na Hidaya hata kidogo. Kila mmoja una dawa yake, na hakuna kifaa dukani kinachotibu yote matatu.

Nianze na huo wa tatu, maana ni mwepesi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini. Sehemu kubwa ya intaneti yetu ilikuwa ikipita humo. Hidaya kilikuwa kimeshapoteza nguvu siku nane kabla. Jaribu kukumbuka: siku hiyo ulipompigia mtu wa Lindi mjini simu ya kawaida, haikutoka? Naamini ilitoka, kwa sababu simu ya Kilwa kwenda Lindi haivuki bahari. Inakwenda hadi mitambo ya kampuni Dar es Salaam, inarudi. Ujumbe wa WhatsApp unaomwandikia jirani yako wa ukuta kwa ukuta, huo ndio unaosafiri hadi kompyuta za nje ya nchi kabla ya kumfikia. Kwa hiyo kama mpango wa kamati yenu ni "tutaandikiana kwenye grupu", mmeiweka roho ya kijiji kwenye waya ulioko maelfu ya kilomita kutoka hapo.

Sasa tuje kwenye vile vijiti vya mtandao. Vijiti vinakuambia jinsi simu yako inavyousikia mnara. Havikuambii kama mnara una nafasi. Ukisimama Nangurukuru usiku ukaona basi linakuja taa zote zinawaka, umeliona basi, hujaona kiti.

Viti vyenyewe vinahesabika. Mnara wa 2G, ambao ndio unaobeba vitochi vingi vya vijijini, hugawa kila masafa yake katika nafasi nane. Upande mmoja wa mnara ukiwa na masafa mawili unapata nafasi 16. Toa moja au mbili za kupangia safari, zinabaki kama 14 za mazungumzo. Mnara kwa kawaida una pande tatu, kwa hiyo ni watu 40 na ushee wanaoweza kuongea kwa wakati mmoja, bila kujali kijiji kina simu mia tano au elfu tatu. Kuna ufundi wa kubana sauti ili nafasi moja ibebe wawili, na mnara wenye 4G hubeba zaidi ya hapo, lakini ukomo upo palepale. Siku za kawaida hatuuoni kwa sababu hatupigi wote kwa pamoja. Siku ya kimbunga kila mwenye shangazi Mbagala anampigia, na akishindwa kumpata mtu wake anabonyeza tena, na tena.

Niliyaona haya Mtwara tarehe 25 Aprili 2019, siku tuliyoambiwa kimbunga Kenneth kinakuja. Watu walitakiwa waondoke mabondeni, ofisi na shule zikafungwa. Nilikuwa Mikindani namtafuta mwanangu aliyekuwa mjini, na simu ikawa inanikatalia tu, mara kumi na ngapi sijui. Hakuna mnara ulioanguka Mikindani siku ile. Upepo wenyewe uligeukia kusini, ukaenda kuwaumiza wenzetu wa Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Sisi tuliziba mtandao kwa vidole vyetu wenyewe.

Dawa ya ugonjwa huu mnayo mfukoni, wala haihitaji mchango: andikeni meseji ya kawaida, ile ya tangu enzi za vitochi. Haihitaji kiti cha mazungumzo, inapita kwenye njia ndogo ya pembeni ambayo mnara huitumia kupangia simu. Inachukua sekunde chache. Simu ya mpokeaji ikiwa imezimwa, ujumbe unangoja kwenye kituo cha kampuni hadi aiwashe. Mazungumzo hayangoji mtu. Ila jihadharini na jambo moja ambalo vijana wenu hawatalipenda: meseji moja hubeba herufi 160, lakini ukichomeka kile kikatuni cha uso unaolia, uwezo unashuka hadi herufi 70 na ujumbe wako unakatwa vipande viwili au vitatu. Kipande kimoja kikichelewa, mtu anaweza kukaa anangoja habari nzima kwa ajili ya chozi la kuchora.

Kubalianeni na umbo la ujumbe, liandikwe kwenye daftari la kamati na kubandikwa ukutani zahanati: mahali, tukio, watu wangapi, mnataka nini, saa ngapi. "Kitongoji cha bandarini. Nyumba 6 maji. Watu 31, wajawazito 2. Tunataka boti. Saa 9 alasiri." Huo hauvuki herufi mia moja na kumi, na mtu wa wilayani akiupata hana haja ya kukupigia kukuuliza.

Ugonjwa wa pili ndio mzito, na ndio niliofanya nao kazi miaka mingi nikiwa fundi wa minara huku kusini.

Mnara ukizima, watu hudhani umeangushwa na upepo. Mara chache sana. Chuma kile kimejengwa kwa ajili ya upepo. Kinachokufa ni umeme wake, au njia yake.

Umeme kwanza. Chini ya mnara kuna betri za volti 48. Umeme wa gridi ukikatika, betri zinashika, kisha jenereta inawaka kama ipo. Vitabuni betri zinakaa saa kadhaa. Lakini betri za risasi zina tabia moja: kila joto likizidi nyuzi 25 kwa nyuzi kumi hivi, umri wao unapungua kama nusu. Sasa niambie, kibanda cha bati cha Kilwa mwezi wa pili kina nyuzi ngapi? Nimefungua vibanda ambavyo betri zilikuwa zimevimba kama maandazi, na kwenye karatasi zilikuwa bado "zina saa nane". Zilipopimwa, zilikata baada ya dakika arobaini.

Halafu njia. Mnara wa kijiji chenu haujui kuongea na Dar es Salaam wenyewe. Unaupasia mnara wa jirani kupitia yale madishi ya duara yanayotazamana, naye anaupasia mwingine, hadi kwenye mnara mkubwa uliounganishwa na mkongo wa faiba. Na faiba, kwa sababu za gharama, hufuata barabara. Barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, unaijua kuliko mimi: mvua za wakati wa Hidaya ziliikata eneo la Somanga, magari yakalala pande zote mbili. Maji yakichukua kalavati yanaweza kuchukua na faiba iliyolazwa pembeni yake. Hata yasipoichukua, gari la mafuta ya jenereta halipiti.

Kuna masika moja nilikuwa zamu Masasi. Minara kumi na mbili ilikufa asubuhi moja, mabosi wakasema radi. Tukazunguka minara miwili ya kwanza, tukaikuta mizima, betri zimejaa, taa za kijani zinawaka, inaongea peke yake kama kichaa. Aliyekufa alikuwa baba yao, mnara mmoja wa juu uwandani ambao wote kumi na mbili walikuwa wanapitia kwake. Jenereta yake haikuwa na dizeli. Kampuni ilikuwa na ratiba ya kupeleka mafuta mara moja kwa mwezi, na ratiba haikuwa na habari na mvua. Tulibeba madumu kwa bodaboda hadi tope liliposhinda, kisha kichwani. Wilaya nzima ilinyamaza siku mbili kwa kukosa lita arobaini za mafuta.

Nakusimulia hivi ili uelewe kwa nini laini mbili za kampuni tofauti hazikuokoi kama unavyodhani. Siku hizi minara mingi ni ya kampuni za kukodisha minara: chuma kimoja, betri zilezile, kampuni tatu zimepanga juu yake kama wapangaji wa nyumba moja. Umeme ukikata, wote wamelala gizani. Fanyeni uchunguzi siku ya jua: tembeeni na simu zenye laini tofauti, mtafute sehemu zinazonasa mnara wa mbali, usio ule wenu. Mara nyingi ni juu ya kilima, au kwenye ufuo unaotazamana na kisiwa. Pakipatikana, wekeni alama, kila mtoto apajue. Simu ikiandika "simu za dharura tu" mahali hapo, maana yake inasikia mnara wa kampuni nyingine. Tafuteni laini ya kampuni hiyo muiweke kwenye kopo la kamati, iwe na vocha, na iwe inatumiwa mara kwa mara isije ikafungwa.

Kutokana na haya, mashine ya kuvuta mtandao ya huyo fundi imejijibu. Ina kazi ya kukuza sauti ya mnara. Mnara ukifa, inakuza ukimya. Mnara ukiwa hai na umejaa watu, haiongezi kiti hata kimoja. Na zile za magendo hupigia minara kelele hadi zinaharibu mawasiliano ya kijiji kizima, ndiyo maana TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, inazisaka. Mwambieni asante.

Simu ya setilaiti ni kitu kizuri. Haina habari na mnara wala Somanga. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira ya Msumbiji, Machi 2019, mawasiliano ya mji yalikufa, na waliofika kusaidia walikuja na mitambo ya setilaiti ya kubeba ndipo waokoaji wakaanza kusikilizana. Lakini kwa kijiji chenye 2,500,000 sikushauri. Kifaa kitakula sehemu kubwa ya fedha, kisha kinadai vocha yake ya bei ya ajabu ambayo inaisha muda hata usipoongea. Mwaka wa pili mtakuta kimekaa kabatini hakina salio. Hicho kiwe cha wilaya, nanyi muwe na njia ya kuifikia wilaya.

Njia hiyo ni simu ya upepo. Hapa nina upendeleo, nakiri, maana ndiyo iliyonilea kikazi. Redio ya VHF haina mnara wa mtu, haina Dar es Salaam katikati: redio mbili zinaonana, zinaongea. Neno ni kuonana. Kwenye boksi wameandika kilomita 50. Hizo ni za mtu aliye juu ya mlima akiongea na aliye juu ya mlima mwingine. Kanuni ya mafundi ni hii: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa kila antena kwa mita, jumlisha, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Antena yenu ikiwa kwenye nguzo ya mita 10, na nahodha ndani ya mashua ameshika redio mita moja na nusu juu ya maji, ni kama kilomita 18 baharini. Si haba hata kidogo. Wawili wakiwa nchi kavu, redio zote mkononi, katikati kuna minazi na mikoko iliyolowa, msitegemee zaidi ya kilomita tatu au nne, kwa sababu majani mabichi yanakunywa mawimbi.

Ndiyo maana wenzetu wa uwandani wana bahati. Newala ipo zaidi ya mita 600 juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukiweka mtambo wa kurudia sauti pale ukingoni, kwa hesabu ileile unalitazama bonde la Ruvuma kwa zaidi ya kilomita 100. Kilwa hamna ukingo kama huo, kwa hiyo nguzo ndiyo mlima wenu. Wekeni fedha kwenye nguzo na antena kabla ya kuongeza idadi ya redio.

Ununuzi wangu ungekuwa hivi. Redio moja ya VHF ya baharini ya kukaa ndani, ya wati 25, na antena yake ya nje; mbili za mkononi zisizoingia maji, moja kwa wavuvi kupitia BMU, kile kikundi chao cha kusimamia ufuo, moja kwa mgambo. Masafa si shamba la kila mtu, kwa hiyo leseni muombe TCRA, na barua ipitie kwa mkurugenzi wa halmashauri ili isikae njiani. Za baharini nimezichagua kwa sababu chaneli 16 ndiyo ya dharura na wito dunia nzima, na meli inayopita kuelekea bandari ya Mtwara inatakiwa iwe inaisikiliza. Unaweza kukosa mtendaji ukampata nahodha. Lakini ziwe za mambo ya bahari na uokoaji, si za kuulizana bei ya samaki.

Kinachobaki chote kiende kwenye umeme. Paneli ya sola ya wati 100 na betri ya volti 12 ya ampea-saa 100. Betri ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unapata kama wati-saa 600. Simu janja moja hunywa kama 15, kitochi tatu au nne. Fanya hesabu mwenyewe, toa na kinachopotea njiani: hata jua lisipotoka siku mbili, redio yenu inaongea na simu za kamati nzima zinachajiwa. Waambie wanakamati simu isiyo na mtandao ikae kwenye hali ya ndege au izimwe, kwa sababu simu inayotafuta mnara usiokuwepo inamaliza chaji haraka kuliko iliyotulia kwenye mtandao. Iwashwe kwa saa mlizokubaliana: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, dakika kumi tu. Saa hizo hizo wilaya nayo isikilize. Mkikosa kusikika mara mbili mfululizo, wilaya ijue kuna jambo bila kungoja kuambiwa.

Kipaza sauti cha msikitini kiunganishwe na betri hiyo. Sijaona mtandao wenye kasi kuliko huo ndani ya nusu kilomita.

Umeuliza kuhusu Serikali kujenga mtandao wa waokoaji. Wenzetu waliofanya hivyo walifundishwa na vifo. Marekani, Septemba 2001, siku ya shambulio la New York, onyo lililotoka helikopta za polisi halikuwafikia wazimamoto waliokuwa ndani ya jengo. Kila kikosi kilikuwa na redio zake. Sheria ya kuunda mtandao wao, FirstNet, ilipita 2012, wakatengewa masafa yao katika megahetzi 700. Korea Kusini walisukumwa na ajali ya kivuko cha Sewol ya 2014. Hata hao Wamarekani hawakujenga minara yote upya. Waliingia mkataba na kampuni kubwa ya simu mwaka 2017, mwokoaji akapanda mnara uleule wa raia lakini akiwa na haki ya kukaa kiti cha mbele.

Kwa mkoa wenye vijiji vilivyotawanyika kama Lindi, mimi naona hilo la kiti cha mbele ndilo la kudai. Na uwezo upo tayari ndani ya mitambo. Kila laini ina daraja lake: sisi wananchi tumegawanywa kutoka 0 hadi 9 kwa bahati nasibu. Juu yetu kuna madaraja maalumu, la 12 la usalama, la 13 la huduma kama maji na gesi, la 14 la waokoaji. Mnara ukielemewa unaweza kuamriwa uwanyamazishe baadhi ya wa 0 hadi 9, huku wa juu wakipita. Kuna pia tangazo la mnara, ambapo mnara unapaza ujumbe mmoja kwa simu zote zilizo chini yake kwa mpigo, kama redio, bila kuhitaji namba zenu na bila kuzibwa na msongamano. Mkiwa kwenye kikao cha maafa cha wilaya, muulizeni afisa mambo mawili: laini za daktari wa wilaya na zimamoto zipo daraja gani, na mnara wenu unategemea mnara gani mkubwa, wenye mafuta ya siku ngapi. Swali la pili litawatoa jasho kampuni, na ndilo lenye faida kwenu. Wazee wa Lindi waliokumbuka kimbunga cha 1952 hawakuwa na mnara wa kuulizia, ninyi mnao.

Mwisho umeuliza redio ikae kwa mwenyekiti au zahanati. Zahanati. Mwenyekiti msimu wa korosho analala shambani, na ufunguo analala nao. Zahanati ina mtu usiku, na mara nyingi ina sola ya friji ya chanjo ya kuwaazima pindi yenu ikisumbua. Nguzo tu iwe mbali na paa la bati, na waya wa radi uteremke hadi ardhini upande wa nje wa ukuta na si kupitia dirishani kama nilivyokuta mahali pamoja. Niandikie umbali kutoka zahanati hadi bandarini na urefu wa mnazi mrefu kuliko yote hapo katikati, nitakupa urefu wa nguzo.